Madam wa Handikapu na Mashimo Tisa Yaliyobaki

Pale klabu kila mtu alikuwa na jina, hata paka wa jikoni alikuwa na jina, lakini yeye tulimwita Madam wa Handikapu. Ukimwita jina lililoandikwa kwa kitambulisho chake alikuwa anageuka polepole, kama mtu anayefikiri unamtafuta mwingine. Mimi namwita Madam tu. Ametoka hapa Doha sasa, na bado nikikaribia dirisha lake la ofisi najikuta nimenyoosha shati kabla sijafika.

Kwa wasiojua gofu, handikapu ni nambari. Mchezaji mzuri ana ndogo, yule wa kujikokota ana kubwa, na wakikutana nambari hiyo inawasawazisha ili wote wawe na nafasi ya kushinda. Lakini haitolewi bure. Inatoka kwa raundi ulizocheza, na si kila raundi. Kuna siku uwanja uko sawa na raundi inahesabika, na kuna siku uwanja hauko sawa, ucheze kama malaika, haihesabiki. Kazi ya Madam ilikuwa kusema ni siku gani.

Watu wa nyumbani wakisikia Doha wanafikiria jua peke yake. Hawajui kwamba winta ndiyo inayotusumbua. Jua likipungua, nyasi za kiangazi zinalala, zinakuwa rangi ya mabua ya mahindi, na vijana wa Foreman, msimamizi wa nyasi, wanazinyoa mpaka chini na kumwaga mbegu za nyasi za winta. Maji yanapigwa asubuhi na jioni. Kwa wiki kadhaa uwanja ni vipara na tope, halafu unaanza kuota kijani laini kama nywele za mtoto. Wakati huo wachezaji wanaruhusiwa kuinua mpira ukianguka kwenye njia ya nyasi, kuupangusa, na kuuweka pahali pazuri karibu na hapo. Kibao kinasimamishwa kwenye tii ya kwanza, pale wanapoanzia, kuwaambia. Hiyo ni sawa, raundi bado inahesabika. Isiyohesabika ni pale grini, ile nyasi laini yenye shimo, imefungwa kwa matengenezo, wakachimba shimo la muda huko kando kwenye nyasi za kawaida, ama alama za kuanzia zimesogezwa mbele mpaka uwanja umekuwa mfupi kuliko ulivyopimwa.

Kwa hivyo kila asubuhi ya winta, kabla basi la wafanyakazi halijamaliza kutushusha, Madam alikuwa amekwisha kwenda uwanjani na Foreman. Foreman ni Mganda, mtu mrefu wa maneno machache, anayetembea kama anapima shamba. Walikuwa wanapita grini moja baada ya nyingine. Madam alikuwa anainama, anagusa nyasi kwa mgongo wa mkono, vile unavyoshika mtoto paji la uso ukitaka kujua kama ana homa.

"Hii ina maji mingi," alikuwa anasema.

"Nyabo," alijibu Foreman, maana kwao madam ni nyabo, "hiyo ni umande."

"Umande na maji ni nini tofauti?"

"Umande mimi sijauleta."

Walikuwa wanabishana hivyo mpaka wamerudi. Nilikuwa nafanya chumba cha kubadilisha nguo cha akina mama, mambo ya taulo na sabuni, na dirisha langu lilitazama njia yao. Nikiona Madam anatembea mbele na Foreman nyuma anacheka peke yake, nilijua leo inahesabika. Nikiona Foreman yuko mbele, Madam amefunga mtandio mpaka kidevuni, nilijua haihesabiki na itakuwa siku ndefu.

Maana watu waligombana. Kuna mwanachama mmoja, mtu wa ofisi kubwa, alicheza raundi ya maisha yake siku ambayo grini mbili zilikuwa zimefungwa. Alikuja dirishani na kadi akiwa bado na glavu moja mkononi.

"Madam, angalia hii kwanza."

Akaangalia. "Ni nzuri sana."

"Basi iweke."

"Siwezi. Leo haihesabiki. Tangazo liko pale."

"Lakini nimecheza."

"Umecheza, na mimi nimeona. Nakupa pongezi zangu. Zile za kompyuta siwezi."

Yule bwana akacheka, akasema atamletea mudir, meneja wetu. Akamleta. Mudir akasoma tangazo, akamwambia hivyo hivyo, na Madam hakutabasamu hata kidogo, alikuwa ameshaanza kuita mtu anayefuata.

Sitaki mtu afikiri alikuwa hakosei. Alikosea, na akikosea alikuwa mgumu zaidi. Ijumaa moja ya ukungu, ule ukungu wa Januari ambao hata mnara wa msikiti wa jirani unapotea, alitangaza haihesabiki kwa sababu alama za kuanzia zilikuwa mbele sana. Kumbe alikuwa amesimama kwenye tii ya akina mama akidhani ni ya wanaume. Kamati ikabadilisha. Siku nzima alikuwa anapiga stempu kwa nguvu, na nilipompelekea chai alisema, "Ukungu ule ni wa Foreman." Foreman alipoambiwa akasema yeye anashughulika na chini tu, ya juu amuulize Mama Neema maana ndiye anaongea na Mungu. Mama Neema ni mimi.

Tuliishi nyumba moja huko Muaither, akina mama wa kazi, vyumba vya wawili wawili. Yeye na mimi tulikuwa chumba kimoja kwa miaka. Hapo ndipo nilimjua Madam mwingine. Huyu mwanamke aliyekataa raundi ya tajiri kwa sababu ya grini mbili, kwenye karata alikuwa mwizi. Si kidogo. Alikuwa anaficha karata chini ya goti na ukimwambia inua goti anasema goti linauma. Tulimpigia kelele, akacheka mpaka akalia.

"Madam, wewe ndiye unatuambia ukweli, ukweli."

"Hii ni karata, mama. Hii haihesabiki."

Chakula pia. Ofisini alikuwa ameweka tangazo kwamba hakuna kula karibu na kompyuta. Nyumbani alikula amesimama, kutoka kwa sufuria, akiongea. Alipenda ndengu na chapati, na kila wiki alilalamika kwamba unga wa hapa haunyumbuki, na kila wiki alimaliza chapati zangu.

Kanisani alichelewa. Mimi ni mtu wa kanisa, sioni haya kusema. Ijumaa, maana huku ndiyo Jumapili yetu, natoka mapema, nakaa viti vya mbele, naimba na kwaya. Yeye alikuwa anaingia mahubiri yakiwa katikati, anaketi nyuma karibu na mlango, mtandio umefunika nusu ya uso. Nilimsema sana. Nikamwambia huwezi kuamka alfajiri kwa ajili ya nyasi ukashindwa kuamka kwa ajili ya Bwana. Akanijibu, "Nyasi haziwezi kunisamehe nikichelewa." Nilikasirika, halafu nikaenda kuoga nikacheka huko ndani.

Jioni alimpigia simu mama yake. Alikuwa anakaa ukingoni mwa kitanda, viatu amevua, anapaza sauti kama mtu anayeita ng'ambo ya mto. "Nakuja Disemba, maitu. Eee. Disemba." Disemba ilikuwa inakuja, na Disemba ndiyo winta, ndiyo mashindano, ndiyo watu wote wanataka nambari. Hakuna likizo. Akifunga simu alikuwa anarudisha viatu chini ya kitanda, na mimi sikumcheka, kwa sababu yangu na mtoto wangu Neema, aliyebaki nyumbani, ilikuwa ni hiyo hiyo, tofauti tu ni kwamba mimi niliahidi Pasaka.

Sasa niseme kitu chenyewe.

Klabu iliwaruhusu wafanyakazi kucheza Jumatatu alasiri, winta peke yake, kwa sababu kiangazi hakuna mtu anaweza kusimama huko nje. Wengi walienda kupiga kelele tu. Madam alienda kucheza. Alivaa sketi ndefu ya kaki na viatu vya michezo vyeupe, na fimbo za kuazima, na alicheza vibaya kwa bidii kubwa. Mpira wake ulikuwa unaenda chini chini kama panya. Lakini aliufuata, akahesabu kila pigo kwa sauti, hata lile la hewani ambalo mwingine angesema nilikuwa napima tu.

Mtu mpya anayetaka handikapu lazima alete raundi zinazohesabika mpaka zifike mashimo hamsini na manne. Kwa mwanachama ni kazi ya wiki moja. Kwa Madam ilikuwa kazi ya miaka. Jumatatu ndiyo siku uwanja unafungwa kwa wanachama, na ndiyo maana Jumatatu ndiyo siku Foreman anafanya kazi zake zote: grini zinatobolewa, zinamwagiwa mchanga, mashimo ya muda yanachimbwa kando. Karibu kila Jumatatu ilikuwa haihesabiki. Na aliyekuwa anasema haihesabiki ni yeye mwenyewe. Asubuhi anainama, anagusa, anarudi mtandio uko kidevuni. Alasiri anacheza mashimo yote na sketi yake ya kaki, anahesabu kila pigo, anararua kadi, anaiweka kwa pipa.

Mara moja moja, Foreman akiwa na mambo mengine, Jumatatu ilikuwa safi. Hivyo ndivyo alivyokusanya, kidogo kidogo, mpaka akabakiza mashimo tisa.

Winta ile aliyobakiza tisa, nilianza kuomba. Niliomba kwa sauti, chumbani, nikataja grini kwa nambari zake. Akanyanyua kichwa kwa mto.

"Mama Neema. Unamwambia Mungu habari ya grini?"

"Anajua kila kitu."

"Basi mwache. Kamsumbue Foreman."

Nikamsumbua Foreman. Akasema, "Mimi nyasi zikifa wananirudisha Kampala. Nyabo akikosa nambari hakuna mtu anarudishwa." Na ni kweli. Hakuwa mtu mbaya. Jumatatu zote za winta ile zilikuwa za mchanga na mashimo ya muda.

Siku moja nikamuuliza hiyo nambari ni ya nini, na umri huu, na mchezo wenyewe ule. Alikuwa anapiga pasi. Hakukasirika.

"Nikirudi Nyeri nikaingia klabu pale, wataniuliza handikapu yangu ni ngapi. Nitasema nini? Kwamba nilikuwa nagawa?"

"Si utasema ulikuwa mkubwa wa hiyo kazi."

"Hiyo ni kazi yao, mama. Mimi nataka yangu. Hata ikiwa ile kubwa kabisa, hata wacheke. Nataka nikiitwa nijibu."

Mimi nilikuwa nimeanza masomo ya jioni, kompyuta na hesabu za ofisi, darasa la chini ya ukumbi mmoja huko Al Rayyan, nikisoma na watoto ambao ningeweza kuwazaa. Nilijua ana maana gani.

Baadaye mkataba wake uliisha na haukuongezwa. Waliajiri kijana mmoja kwa muda, akaondoka, halafu wakaniita mimi dirishani, kwa sababu nilikuwa na cheti na kwa sababu Madam alikuwa ameacha ameniambia kila kitu bila mimi kujua nafundishwa. Yeye alipata kazi ya mapokezi kwa kliniki moja huko Al Wukair, akahamia huko. Tulisema tutaonana kila Ijumaa. Mnajua vile inakuwa. Zamu zake, zamu zangu, teksi ya kwenda Al Wukair. Kitanda chake kikapewa msichana mzuri, mpole, asiyeiba karata. Karata zenyewe tukaziacha.

Nilimkosa kwa njia za kijinga. Nikipika chapati zilikuwa zinabaki. Asubuhi nilienda na Foreman kukagua, nikagusa nyasi kwa mgongo wa mkono, na Foreman akasema, "Ina maji mingi?" na sote wawili tukatazama pembeni.

Halafu winta hii akanipigia. Sauti ile ile ya kuita ng'ambo ya mto.

"Mama Neema, naenda. Kabisa kabisa. Nimekata tikiti."

"Lini?"

"Alhamisi usiku. Jumatatu mnacheza?"

Nilijua anauliza nini. Nikaenda kwa mudir. Huyu ni mpya, hamjui Madam, lakini alitazama kwa kompyuta akakuta jina bado liko pale kwenye orodha ya wafanyakazi, hakuna aliyelifuta, na mashimo arobaini na matano yamekaa. Akasema hana shida, mradi kuwe na mtu wa kumwandikia na kuthibitisha. Nikasema mtu yuko. Kisha nikaenda kwa Foreman, na sikuomba sana. Nilimwambia tu siku anayoondoka. Akavua kofia akaitazama ndani.

"Mbegu zimeshika mapema mwaka huu," akasema. "Jumatatu naweza kupeleka vijana ile nusu ya nyuma. Ya mbele nitaiacha. Lakini wewe ndiye utasema kama inahesabika. Mimi sisemi."

Jumatatu asubuhi nilitembea ile nusu ya mbele yote. Grini zote wazi. Alama za kuanzia pahali pake. Nyasi zilikuwa zimejaa, hakuna kipara, na Foreman aling'oa kile kibao cha kuinua mpira kwenye tii ya kwanza akakibeba begani. "Khalas," akasema. "Imekwisha. Sasa wacheze mpira ulipoanguka." Nikarudi dirishani nikaandika inahesabika, nikatia jina langu chini.

Alikuja alasiri na teksi. Amepungua. Sketi ya kaki ilikuwa imekazwa na pini, na goti, lile la karata, kumbe linauma kweli. Tulishikana pale kwenye maegesho tukakaa hivyo. Kisha akanisukuma, "Yalla, jua halitungoji," akaenda kutazama tangazo. Akalisoma mpaka chini, jina langu na yote.

"Umekagua mwenyewe?"

"Mwenyewe."

"Alama za wanaume hukuchanganya na za akina mama?"

"Hakukuwa na ukungu, Madam."

Akacheka mpaka akashika ukuta.

Mimi nilibeba begi na kuandika. Alicheza vile vile, panya chini chini, lakini moja kwa moja. Foreman alikuwa mbali kidogo na mashine yake, anajifanya anatazama bomba, na kila tukisogea shimo bomba nalo lilisogea. Kati ya mashimo aliuliza habari za Neema, nikamwambia amemaliza shule, ananipita urefu. Akasema, "Na wewe unarudi lini?" Nikasema Pasaka. Hakucheka.

Kwenye shimo la saba mpira wake ulianguka katikati ya njia ya nyasi, pahali ambapo miaka yote huwa na kipara na ndipo alipozoea kuuinua. Akaufikia. Akainama kwa shida, akauinua, akaupangusa kwa sketi, na alikuwa ameanza kutafuta pahali pazuri pa kuuweka ndipo akasimama wima.

"Kibao kiko wapi?"

"Foreman alikitoa asubuhi."

"Kwa hivyo leo hakuna kuinua."

"Hakuna."

Alikuwa ameshika mpira kama yai. Winta zote alizocheza hapa, hakuwahi kucheza siku isiyo ya kuinua. Mkono ulikuwa umeenda wenyewe. Nilikuwa na kalamu mkononi, na nilijua na yeye alijua kwamba mimi peke yangu ndiye nimeona.

"Unarudi pale pale," akasema, kwa sauti ya dirishani. "Na pigo moja la adhabu juu. Andika."

"Madam."

"Andika, mama. Nione ukiandika."

Nikaandika. Akatazama juu ya bega langu, akaurudisha mpira alipoutoa, akaupangilia kwa kidole. Halafu akaanza kutabasamu, polepole, kama mtu amepewa habari za nyumbani.

"Unajua hii ndiyo mara ya kwanza nimeongezewa pigo la adhabu kwa uwanja huu," akasema. "Zile Jumatatu zisizohesabika ningeweza hata kuubeba mfukoni mpaka grini. Nani angeniadhibu?"

Akapiga. Ulienda chini chini, mbali kuliko yote ya siku hiyo.

Tukamaliza la tisa jua likiwa kwenye mitende. Akatia sahihi, nikatia yangu. Foreman akazima mashine akaja, akavua kofia, akampa mkono kwa kupiga goti kidogo vile wanavyofanya kwao, na wakaambiana mambo ya nyasi mpaka teksi ikapiga honi. Kwenye mlango wa gari aliniambia nisilale sana, na nisiwahi kula karibu na kompyuta. Nilimfungia zipu ya koti.

Nambari haitoki hapo hapo, mashine inataka muda, na mtandao wetu wiki ile ulikuwa na shida zake. Ilitoka Ijumaa asubuhi kabla sijaenda kanisani. Nikampigia kwa laini ya Kenya. Alipokea kwa mlio wa kwanza. Alikuwa kwenye gari, kutoka uwanja wa ndege wa Nairobi kwenda kwao.

"Ngapi?"

"Arobaini na moja nukta mbili."

Nikasikia akiiondoa simu mdomoni.

"Arobaini na moja," akasema, lakini si kwangu. Sauti ya mwanamume, dereva, ikauliza, "Arobaini na moja nini, mathe?"

"Ni yangu," akamwambia.

Dereva akasema ni sawa, mathe, kwa ile heshima ya mtu ambaye hajaelewa kitu. Akaanza kumweleza. Alianza na winta, na nyasi zinazolala, na kwa nini mpira unainuliwa na siku gani hauinuliwi, na akasahau kabisa kwamba amenishika mkononi. Huko kulikuwa kunanyesha. Nilisikia mvua kwenye bati la gari, wipa zikienda na kurudi, na mtu barabarani akiita bei ya ndizi. Kwaya walikuwa wananingoja. Nilikaa kwenye kiti chake pale dirishani, simu sikioni, nikasikiliza mpaka walipopita Thika.